Ndugu wa Karibu wa Fundi Pazi

Mtu wa kwanza kumzika fundi Pazi alikuwa Honorata, mwalimu wa kwaya, na alimzika huku marehemu mwenyewe akitafuna muhogo wa kuchoma.

Alikuja barazani kwa Pazi, mtaa wa Mwanga, asubuhi, akasimama chini ya turubai la bluu ambalo, kama maturubai yote ya bluu mjini Kigoma miaka ile, lilikuwa limeletwa kwa ajili ya wakimbizi na hakuna aliyetaka kueleza limefikaje sokoni. Akamsalimia Pazi kwa sauti ya Ijumaa Kuu. Kisha akaomba gauni lake.

"Gauni halijaisha, mwalimu," Pazi alisema, akimeza muhogo haraka. "Bado mkono wa kushoto."

"Nipe hivyo hivyo, fundi."

"Na mkono mmoja?"

"Mungu anaangalia moyo."

"Mungu ndiyo. Lakini hao wa viti vya mbele wanaangalia mikono."

Siku nyingine Honorata angecheka mpaka ashike nguzo. Siku hiyo hakucheka. Alimgusa Pazi begani kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima joto la pasi, akasema, "Na lile la Krismasi, la kunibana hapa kifuani, nimekusamehe. Kitambaa kilichobaki baki nacho." Akaondoka na gauni lake la zambarau lenye mkono mmoja, akijifuta macho kwa ule mkono uliokuwepo.

Pazi akageuka kumtazama Jean, fundi mwenzake wa barazani. Jean akainamia cherehani na kushona kwa bidii kubwa kitambaa ambacho hakikuwa na uzi.

Ili uelewe kwa nini jambo hili lilimtisha Pazi, inabidi umjue. Alikuwa mtu wa Ujiji, mjukuu wa watu waliotoka Manyema zamani za misafara wakasema watapumzika kidogo Ujiji kisha waendelee na safari, na mpaka leo wanapumzika. Alijifunza cherehani kwa mjomba wake, akaoa, akapata watoto, akapanga baraza Mwanga karibu na soko. Mshono wake ulikuwa umenyooka kama reli. Ila alikuwa na neno moja tu la kuwajibu wateja, na neno hilo lilikuwa "kesho". Watu waliagiza nguo za harusi kwake wakazivaa kwenye arobaini ya mtoto. Mama mmoja alimtukania ukoo mzima pale barazani kwa sababu ya sare ya shule ambayo mtoto wake aliiota, akaikulia, akaipita. Pazi hakukasirika. Matusi ya wateja yalikuwa kwake kama kelele za soko: ukiyasikia, unajua duka liko wazi.

Sasa mtu kama huyo, ambaye maisha yake yote amebembelezwa, ametishwa na kulaaniwa amalize nguo, akiona mteja anakuja mwenyewe kuchukua nguo nusu na kumwambia asijisumbue, lazima ajishike kichwa.

Na si Honorata peke yake. Wiki hiyo hiyo walichukua suruali zisizo na zipu, mashati yasiyo na vifungo, pazia lililopindwa upande mmoja. Wote kwa upole. Halafu akaja Selestini, fundi wa upande wa pili wa soko, ambaye kwa miaka mingi yeye na Pazi walisalimiana kwa kutemeana mate pembeni. Selestini alileta papai. Akaketi, akasifia hali ya hewa, akaipapasa cherehani ya Pazi kama anayepapasa ng'ombe mnadani.

"Fundi mwenzangu," akasema, "mashine hii ni nzito, imetulia. Ikitokea... yaani ikitokea lolote, isiende mbali. Ikae mikononi mwa mtu anayeijua."

"Itokee nini, Selestini?"

"Sisi sote ni wa njia moja, bwana," Selestini akasema, akaondoka akaacha papai.

Pazi alilitazama lile papai muda mrefu. Kisha akapeleka mkono shingoni.

Huko shingoni ndiko yalikoanzia. Alikuwa na uvimbe chini ya sikio la kulia, mdogo mwanzoni kama harage, baadaye kama yai la kwale. Haukuuma. Alienda nao hospitali ya serikali, wakamkata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Jambo hilo lilimfurahisha kidogo, maana Pazi mwenyewe hajawahi kuvuka Tabora, na sasa nyama yake imepanda treni mpaka pwani bila yeye.

Majibu yaliporudi, alifuatana na kaka yake Swaibu. Swaibu alikuwa muuza mawese, mtu mwenye mwili wa pipa na machozi ya karibu. Alilia kwenye harusi, kwenye taarifa ya habari, hata timu za watu wengine zilipofungwa. Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Hospitali siku hizo ilibeba nchi mbili kwa mgongo mmoja. Mitumbwi na boti kutoka Kongo zilikuwa zikishusha watu ufukweni Kibirizi kila uchao, na waliozidiwa waliletwa pale kabla ya kupelekwa kambini, kwa hiyo kitanda kimoja kililala wagonjwa wawili, kichwa kwa miguu, na waliobaki wakalala chini ya hicho kitanda. Daktari alitoa kichwa mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akauliza lile swali ambalo wote wamelizoea:

"Ndugu wa Pazi yupo?"

Hakuuliza Pazi. Aliuliza ndugu. Na hakuna aliyeona ajabu, hata Pazi mwenyewe. Huo ndio ulikuwa utaratibu, hospitalini na mitaani: mgonjwa kazi yake ni kuugua, kuambiwa ni kazi ya ndugu. Swaibu akainuka, akaingia. Hata mlango haujatulia vizuri, akatoka. Uso umelowa.

"Kasemaje?"

"Kasema upumzike."

"Basi?"

"Basi. Twende nyumbani, mdogo wangu."

Na tangu siku hiyo Pazi akaanza kupumzishwa. Mkewe Mwamini, ambaye tangu ndoa yao paja la kuku alikuwa akimwekea mgeni, sasa alimwekea Pazi mapaja yote mawili. Migebuka mikubwa mikubwa ilitoka ziwani ikaja moja kwa moja kwenye sahani yake. Watoto waliambiwa wacheze kwa kunong'ona. Wazee wa msikiti walikuja kusoma Yasini sebuleni. Walisema ni ya kuombea heri tu, ila wakatoka wakimpa mkono mmoja mmoja na kuushikilia kuliko kawaida. Alipomuuliza Mwamini kulikoni, Mwamini alisema, "Muulize kaka yako, Baba Yusra," akakimbilia jikoni kulia kwa sababu ya vitunguu. Hapakuwa na vitunguu. Siku hiyo ulikuwa mchuzi wa nazi mtupu.

Alipomuuliza Swaibu, "Nipumzike mpaka lini, kaka?" Swaibu alilitazama ziwa, midomo ikaanza kutetemeka, akasema ana mteja wa mawese anamsubiri.

Ndipo Pazi alipoanza kutoroka nyumbani asubuhi kwenda barazani, na barazani ndipo alipokuta wateja wanakuja kufunga hesabu naye kama anasafiri.

Aliondoka hapo siku ya papai, akaenda zake hospitali. Dirishani alimkuta nesi, mama mnene mwenye sauti ya amri na macho ya huruma.

"Majibu yako alishapewa ndugu yako, baba."

"Nisomee na mimi, sista."

"Utaratibu ni ndugu. Njoo naye."

"Lakini shingo ni yangu!"

"Najua, baba yangu. Ndiyo maana hatukuambii."

Nyuma yake walikuwa wamepanga mstari akina mama wa Kiha waliobeba watoto mgongoni, na wakimbizi wenye vipande vya blanketi, na wote walikuwa na haraka. Pazi akasogea. Aliporudi nyumbani na kumwomba Swaibu wafuatane tena, Swaibu alisema, "Ukafanye nini huko? Wakakuvuruge kichwa? Kula kwanza."

Kesho yake akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Jean alimwangalia. Jean alikuwa mkimbizi kutoka mji wa Baraka, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kwa sheria alitakiwa awe kambini, lakini kwa cherehani alitakiwa awe mjini, na cherehani ilishinda. Pazi alimpa nafasi barazani bila maneno mengi. Alikuwa mtu mkimya, ila siku hiyo aliweka mkasi chini.

"Fundi Pazi, weye uko na bahati mubaya sana."

"Na wewe umekuja kuchukua nguo?"

"Hapana. Sikiliza. Bahati yako mubaya, weye uko na bandugu." Jean akavuta kigoda. "Miye nilifika kule kambini na maumivu ya tumbo. Munganga akanipima, akatoka inje, akauliza: ndugu ya Jean iko wapi? Kimya. Akauliza bibi yake? Kimya. Jirani yake? Bote walikwisha pitia njia ingine. Yule munganga akakosa mutu ya kuambia. Akarudi, akakaa pale kitandani, akaniambia miye mwenyewe. Eti Jean, uko na ngiri, tutapasua hapa, itauma hivi, unakubali ao hukubali? Nilishangaa! Tangu nizaliwe, hakuna munganga alishanisemesha miye juu ya tumbo yangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nakubali. Na nilijua kila kitu, mupaka rangi ya uzi." Jean akacheka kidogo, kisha akaacha. "Asiye na mutu anaambiwa. Weye uko na mutu, basi unajifia bure na kuku mudomoni."

 Pazi alikuwa anafikiri, na alipofikiri mguu wake ulianza kukanyaga cherehani wenyewe. Hospitali inaongea na ndugu tu. Vizuri. Basi atakwenda ndugu.

Tatizo lilikuwa shingo, maana uvimbe na ile plasta ya kukatwa nyama vingemsema kabla hajafungua mdomo. Akavuta kile kitambaa cha zambarau alichoachiwa na Honorata, akakata, akashona. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Mwanga, fundi Pazi alimaliza nguo siku ileile aliyoianza. Ilikuwa shati lenye kola ndefu iliyosimama mpaka chini ya masikio, imefungwa vifungo mbele kama mtungi uliozibwa. Jean alimzunguka akimkagua.

"Naonekanaje?"

"Kama askofu mwenye mafua."

Jua la kiangazi lilikuwa linaunguza mabati, na Pazi akaiendea hospitali na kola yake, jasho likimtiririka mpaka kiunoni. Dirishani safari hii alikuwepo nesi mwingine, kijana. Pazi akakohoa kidogo, akatoa sauti ya Swaibu, ile ya kifuani.

"Mimi ni ndugu wa mgonjwa. Mgonjwa anaitwa Pazi. Nimeambiwa daktari anatuhitaji."

Hakuulizwa hata jina. "Ndugu wa Pazi, pita chumba kile," nesi akasema, na Pazi akapita, akishangaa jinsi mlango uliomkatalia mwenye shingo ulivyomfungukia mtu yeyote wa kupita njia aliyejiita ndugu.

Daktari Nikodemu alikuwa yuleyule mwenye macho mekundu, kijana kuliko Pazi kwa miaka mingi. Hawakuwahi kuongea uso kwa uso. Aliyemkata nyama alikuwa mwingine, ambaye sasa alikuwa amepelekwa kambini.

"Wewe ni nani wa mgonjwa? Maana hapa kila mtu ni ndugu. Juzi nimeongea na ndugu wa mgonjwa, kumbe ni mpinzani wake wa bao."

"Baba mmoja, mama mmoja, daktari. Tumezaliwa siku moja."

"Pacha?"

"Karibu zaidi ya hapo."

Daktari hakuwa na nguvu za kulifuatilia hilo. Alifungua faili, akasoma mstari wa kwanza, na uso ukambadilika. Akaegemea mbele.

"Huyu mtu yuko wapi?"

Pazi akaiweka sawa kola. "Yupo."

"Yu hai?"

"Anajitahidi."

"Anakula?"

"Kuku. Kila siku kuku."

"Amelala kitandani?"

"Hapana, anashona."

"Anashona!" Daktari akapiga meza kwa kiganja. "Mimi huyu mtu nimemsubiri wiki na wiki! Alikuja kaka yake hapa, jitu la miraba minne. Nikaanza kumweleza. Niko katikati ya sentensi, mtu huyo kainuka, kapindua kiti, katoka analia. Namwita, hasikii. Nimetoka nje, wote wawili hawapo."

Pazi alishika ukingo wa meza. 

"Hiyo sentensi, daktari. Ilikuwa inasemaje?"

"Ilikuwa inasema, ndugu yako ana kifua kikuu cha tezi."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo akainuka."

"Na iliyobaki?"

"Iliyobaki ipi?"

"Ya sentensi!" Pazi alisikia sauti yake mwenyewe imerudi, nyembamba, ya mtu anayeomba. "Ulikuwa katikati. Nimalizie, daktari. Tafadhali nimalizie."

Daktari akamtazama kwa mshangao. "Iliyobaki ni kwamba kinatibika. Dawa zipo hapa hapa, ni za serikali, hazilipiwi. Anakuja kila asubuhi tunamwona akizimeza, na sindano mwanzoni, kwa miezi kadhaa, bila kuruka, na anapona. Cha tezi hakimwambukizi hata mtu anayekula naye sahani moja. Ila asipokuja kabisa, akikaa nyumbani anapumzishwa na kulishwa kuku, hapo sasa tutakuja kuongea mengine. Nenda kamlete. Leo."

 Pazi alitaka kusema ahsante, kikatoka kitu kama kicheko, kikageuka njiani, kikawa kwikwi. Akainua mikono akaanza kufungua vifungo vya kola, kimoja, cha pili. Kola ikafunguka. Hewa ikaingia.

"Nimeshamleta," akasema.

Daktari alitazama plasta, uvimbe, ile kola ya zambarau iliyoning'inia, uso uliolowa jasho na machozi. Akafunika macho kwa mkono. Mabega yakaanza kumtikisika, na Pazi akadhani naye analia, kumbe anacheka. Kicheko cha mtu ambaye hajacheka kwa muda mrefu na kimemkuta hana ulinzi. Wakacheka wote wawili mpaka nesi akafungua mlango kuona kulikoni.

Alipotulia, daktari akavuta kiti chake akakileta upande wa Pazi.

"Nisamehe, mzee wangu. Sikutakiwa kumwita kaka yako. Nilitakiwa kukuita wewe, nikufungie mlango, nikuambie wewe, halafu nikuulize kama unataka ndugu yako aingie. Ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Hata mimi si yangu, nimekabidhiwa tu niitunze. Na wewe ni mtu mzima mwenye akili zako. Kukatwa, kuchomwa sindano, kumeza, hata kukataa, ni neno lako wewe."

"Sasa mbona mnauliza ndugu?"

Daktari akajikuna kichwa. "Tumezoea. Nikimwambia mgonjwa, ndugu wanakuja juu: umemuua mtu wetu kwa maneno! Nikiwaambia ndugu, napumzika. Na siku hizi, kwa hali unayoiona huko nje, napenda sana kupumzika." Akaangalia mlango. "Lakini umenitia aibu kidogo. Umeingia hapa na kola, nikakupa siri ya mtu bila kukuuliza hata jina."

"Ungempa hata Selestini."

"Selestini ni nani?"

"Anataka cherehani yangu."

Daktari akamweleza yote upya, taratibu, safari hii akimtazama machoni, na Pazi akauliza maswali mpaka yakamwishia. Aliuliza kama ataendelea kukanyaga cherehani, ndiyo. Kama sindano zinauma, ndiyo. Kama ule ugonjwa mwingine, ule ambao miaka hiyo watu waliutaja kwa kupunguza sauti, ndio Swaibu aliouwaza alipoondoka analia. Daktari akasema huenda, watu wengi huviunganisha hivyo viwili, lakini hilo ni jambo la peke yake, lina kipimo chake, na hapimwi mtu mpaka akubali mwenyewe. Pazi akafikiri, akakubali. Majibu yake alipewa baadaye, yeye peke yake, mlango umefungwa, na kwa kuwa hakumwambia mtu, hayamo humu. Inatosha kusema alitoka siku hiyo akipiga mluzi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ya kola, alikuwa bado anapewa vidonge vya kwanza, na glasi ya maji iko mkononi, ukumbini kukasikika kishindo. Mwamini alikuwa amemwona akipita na kola njia ya hospitali, akampelekea habari Swaibu, na Swaibu alikuwa amekimbiza baiskeli kutoka Ujiji bila kushusha hata dumu la mawese nyuma. Sauti yake ilijaa jengo zima.

"Niko hapa! Mimi ndiye ndugu wa mgonjwa! Mniambie mimi, yeye msimwambie!"

Nesi akaingia, akamtazama daktari. Daktari, kwa mara ya kwanza, hakuamua yeye. Akamgeukia Pazi.

"Aingie?"

Neno dogo hilo. Lakini Pazi hakuwa amewahi kuulizwa kitu kama hicho tangu uvimbe uanze; alikuwa ameulizwa kama anataka paja lingine, basi. Alimeza vidonge, kimoja kimoja, bila haraka. Akanywa maji mpaka chini. Akafikiria wiki zote alizokaa kwenye benchi la watu wasioambiwa.

"Aingie," akasema. "Ila mwambie kwanza akae kidogo pale kwenye benchi."

Nesi akatoka. Sauti yake ikasikika wazi: "Ndugu wa mgonjwa?"

"Ni mimi, sista! Ni mimi!"

"Mgonjwa amesema usubiri."

 Halafu benchi likalia kwa uzito wa Swaibu.

Alipoitwa, aliingia ameinama, macho yamevimba. Pazi akamwonyesha kiti.

"Kaa, kaka. Nina sentensi hapa. Na safari hii huinuki mpaka nifike mwisho."

Swaibu akakaa. Pazi akaisema yote, kutoka kifua kikuu cha tezi mpaka kupona, na kila Swaibu alipotaka kuinuka alimshika goti. Mwisho Swaibu alilia vilevile, ila kwa sauti tofauti, na akamkumbatia mdogo wake mpaka mawese yaliyokuwa kwenye shati lake yakahamia kwenye kola ya zambarau.

"Sasa wewe," Pazi akasema akiwa amebanwa kifuani, "ulimwambia nani na nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mwamini tu. Na imamu, akuombee. Na watu wa mawese."

"Watu wa mawese ni soko zima, kaka."

"Niliwaambia ni siri."

Kesho yake, na kila asubuhi baada ya hapo, Pazi alipitia hospitali kabla ya kwenda barazani. Aliambiwa sindano zitauma, zikauma. Hilo nalo alilifurahia, kuumwa na kitu alichoambiwa mapema. Mapaja ya kuku yakarudi kwa wageni. Uvimbe ukaanza kupungua. Jean alipoambiwa, na Pazi mwenyewe, alitikisa kichwa tu, akasema, "Sasa weye uko sawa na miye," akaendelea kushona, safari hii uzi ukiwepo.

Honorata naye akaja, gauni limekunjwa kwapani, amevimba kwa hasira.

"Bwakeye, fundi," akamsalimia kwa Kiha. "Nimesikia hufi."

"Samahani, mwalimu."

"Nimeimba Jumapili mbili nimejifunika kanga upande mmoja kama kuku aliyevunjika bawa! Nataka mkono wangu. Kitambaa changu kiko wapi?"

Pazi akatazama chini. Kile kitambaa kilikuwa mgongoni mwake, kimefuliwa, bado kina doa la mawese. Akaanza kufungua vifungo vya ile kola.

"Kitambaa kipo," akasema. "Natakiwa kukifumua tu."

"Lini utakuwa umemaliza?"

Pazi akavuta pumzi. Alikuwa hajalitamka lile neno kwa wiki nyingi. Alikuwa hana hakika kama analo.

"Kesho," akasema.

Honorata akalipuka. Alianza na Krismasi, akasema msamaha aliutoa kwa marehemu na sasa anaufuta, akapitia nguo zote za kwaya tangu wahamie jengo jipya, akamwita mwongo, mchawi wa vitambaa, adui wa Kanisa. Watu wa sokoni wakasimama kusikiliza. Kule upande wa pili Selestini alisikia, akatema mate pembeni. Pazi alikaa kwenye cherehani yake, amefumba macho, akisikiliza tusi moja baada ya jingine, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeota jua la asubuhi.